Kuchagua Cherehani ya Ngozi Nzito: Somo la Karakana kwa Shule za Nachingwea na Ruangwa

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni mawili. La kwanza ni kumsaidia mwalimu wa stadi za kazi kuamua ni cherehani ya namna gani inayofaa kushonea ngozi nzito. La pili ni kumwonyesha kwamba uamuzi huo waweza kufanywa kuwa somo, ili wanafunzi washiriki kupima, kukokotoa na kutoa sababu kabla ya senti moja kutumika.

Jambo hili si dogo. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zetu zimetakiwa kuunganisha kazi ya kichwa na kazi ya mikono. Mwaka 2024 mkondo wa amali ulianza katika baadhi ya shule za sekondari, na kwa sababu hiyo karakana zimeanza kutajwa tena katika mipango ya shule. Lakini fedha za kununulia mashine kubwa hupatikana kwa nadra, pengine mara moja tu katika miaka mingi. Mashine ikikosewa, hakuna ya pili. Itafunikwa turubai ghalani, na vijana watamaliza masomo wakiwa wameiona bila kuigusa.

Funzo lililo karibu nasi

Mwalimu wa Nachingwea hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mashine zilizonunuliwa kabla kazi haijajulikana. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya Vita Kuu ya Pili, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Huko Kongwa, ambako kazi ilianza, udongo ulikauka ukawa mgumu na ukala vyuma vya majembe upesi kuliko ilivyodhaniwa. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo ilifungwa mwaka 1962.

Mashine zile hazikuwa mbovu kwa asili yake. Kasoro ilikuwa katika mpangilio wa maswali: iliulizwa kwanza ni mashine gani zinapatikana, na baadaye sana ndipo ilipoulizwa ardhi ikoje. Katika karakana ya ngozi kosa hilo hilo hujitokeza kwa kiwango kidogo. Mnunuzi huvutiwa na rangi, jina na uzito wa mashine, akasahau kuuliza ngozi ikoje. Kanuni tunayopendekeza ni hii: kazi ichague uzi, uzi uchague sindano, na hizo zote pamoja zichague cherehani. Mwisho, mahali ilipo shule pathibitishe uchaguzi huo.

Swali la kwanza: unene

Ngozi nzito ni ipi? Neno "nzito" halina maana mpaka lipimwe. Wanafunzi wapange vipande vinne vya ngozi ya aina moja, wapime kimo chake kwa rula yenye milimita, kisha wagawe kwa nne. Ngozi ya mbuzi mara nyingi itakuwa na unene wa milimita 1 hivi, na ngozi ya ng'ombe ya kutengenezea mikanda itakuwa milimita 3 au 4.

Hata hivyo, cherehani haishoni kipande kimoja. Hushona tabaka zote zilizokutana chini ya sindano. Tuchukue vitu vinne ambavyo shule yaweza kuviuza katika soko la Nachingwea au la Ruangwa:

(a) Mkoba wa shule: tabaka mbili za milimita 2, yaani milimita 4, penye pindo, milimita 6.

(b) Mkanda wa kiunoni wenye bitana: tabaka mbili za milimita 2.5, yaani milimita 5.

(c) Makubadhi: soli ya ngozi milimita 4 na bitana milimita 2, yaani milimita 6, pale ukanda unapoingia, milimita 8.

(d) Ala ya panga: pande mbili za milimita 3, na kati yake ukanda mwingine wa milimita 3 wa kuzuia makali yasikate uzi, yaani milimita 9.

Orodha hii fupi yatosha kumfundisha mwanafunzi kwamba unene wa kukadiria ni ule wa pahali panene kuliko pote. Cherehani inayoshona mkoba vizuri hadi ikafika kwenye pindo na kukwama haikufaa kwa mkoba.

Swali la pili: uzi na sindano

Uzi wa pamba wa kushonea nguo haufai kwa kazi hii. Uzi unaotumika zaidi ni wa nailoni au poliesta, nao hupimwa kwa namba iitwayo Tex. Namba hiyo ni uzito wa mita 1,000 za uzi kwa gramu. Uzi wa Tex 70 ni wa mikoba laini, Tex 135 ni wa mikanda na mabegi, na Tex 270 ni wa ala na kazi zinazovutwa kwa nguvu.

Sindano nayo hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Sindano namba 160 ina kipenyo cha milimita 1.6. Uzi wa Tex 70 huenda vizuri na sindano namba 110. Tex 135 na namba 140 au 160. Tex 270 na namba 200. Tundu likiwa dogo mno, fundo la mshono hushindwa kupanda hadi katikati ya ngozi, likaonekana upande wa chini. Tundu likiwa kubwa mno, mshono hulegea.

Yafaa pia wanafunzi waone ncha za sindano kwa kioo cha kukuzia. Sindano ya nguo ina ncha ya mviringo inayopenya kwa kusukuma nyuzi kando. Ngozi haina nyuzi zilizofumwa za kusukumwa, kwa hiyo sindano yake ina ncha yenye makali inayokata njia. Sindano hiyo isitumiwe kushonea turubai, maana itakata nyuzi za turubai lenyewe. Vilevile mishono isisongamane. Mishono ya milimita 2 hutoboa matundu 50 katika sentimita 10, na ngozi huchanika pale kama ukingo wa stempu. Kwa ngozi nzito, mshono wa milimita 4 au zaidi ndio salama.

Swali la tatu: namna ya kusukuma na umbo la mashine

Hapa ndipo cherehani zinapoachana kabisa. Twaweza kuzigawa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni cherehani ya nyumbani, ile ya fundi nguo. Husukuma kitambaa kwa meno yaliyo chini tu. Katika ngozi nene meno hayo huacha alama upande wa chini, tabaka la juu hubaki nyuma, na mshono hufupika bila kutarajiwa. Sindano hupinda kwa kulazimishwa. Mashine hii si ya ngozi nzito, hata kama muuzaji ataionyesha ikitoboa kipande kimoja.

Kundi la pili ni cherehani ya mkono ya fundi viatu. Iliyo maarufu zaidi ni ya Singer ya kundi la 29, ambayo kwa miaka mingi ilitengenezwa katika kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Leo mashine za mfano huo zitokazo China zimeenea sana. Mguu wake wa juu ndio unaosukuma ngozi, nao waweza kugeuzwa kuelekea upande wowote. Mkono wake mwembamba huingia ndani ya kiatu. Huzungushwa kwa mkono na haihitaji umeme. Udhaifu wake ni kwamba haipendi uzi mnene, bobini yake ni ndogo, na nguvu yake hupungua tabaka zikizidi. Ni mashine ya kutengeneza viatu na kushona ngozi ya wastani; si ya ala ya panga.

Kundi la tatu ni cherehani ya kiwanda ya uzito wa kati, ambayo sindano, mguu wa ndani na meno ya chini husogea kwa pamoja. Sindano ikiwa bado ndani ya ngozi, vyote vitatu husonga mbele hatua moja. Kisha mguu wa nje hushuka kushikilia kazi wakati sindano inapanda. Kwa hiyo tabaka haziachani. Nyingi katika kundi hili hushona hadi milimita 8 au 10 kwa uzi wa Tex 135.

Kundi la nne ni cherehani ya ngozi nzito yenyewe. Mfano unaoigwa zaidi ni Juki 441 ya Japani, na mashine nyingi zenye namba 441 katika jina lake hufuata muundo huo. Husukuma kama kundi la tatu, lakini mguu wake hupanda juu zaidi, bobini yake ni kubwa, na hupokea uzi wa Tex 270 bila shida. Hushona hadi kiasi cha milimita 20.

Umbo nalo litazamwe. Mashine ya meza bapa hufaa kwa mikanda na vipande vilivyolala. Yenye mkono wa mviringo hufaa kwa mikoba, ala na kila kitu kilichokwisha kukunjwa, na ikiwekewa ubao juu ya mkono wake hufanya kazi ya meza bapa pia. Shule inayoweza kununua moja tu yafaa ichague yenye mkono wa mviringo.

Swali la nne: mwendo na nguvu

Mwanafunzi anayeanza hahitaji mwendo wa kasi. Anahitaji mwendo anaoweza kuusimamisha. Hili ni somo zuri la hesabu. Mota ya kawaida ya kiwanda huzunguka kiasi cha mara 1,450 kwa dakika. Ikiwa puli ya mota ina kipenyo cha milimita 50 na gurudumu la mashine milimita 200, basi:

1,450 × 50 ÷ 200 = mishono 362 kwa dakika.

Hiyo ni mishono sita kila sekunde, na kwa mshono wa milimita 4 ngozi husonga milimita 24 katika sekunde moja. Kwa mkono wa mwanafunzi huo ni mwendo wa hatari. Tukiweka kati yake puli ya kupunguza mwendo mara tatu, tunapata mishono kama 120 kwa dakika, yaani miwili kila sekunde. Faida si mwendo peke yake. Mwendo ukipungua mara tatu, nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara tatu, na sindano hupenya milimita 9 bila mkanda kuteleza.

Mota zenyewe ni za aina mbili. Ya klachi huzunguka wakati wote hata mashine ikiwa imesimama. Ile ya servo huzunguka mguu unapokanyaga tu, huweza kupangiwa mwendo wa chini, na hutumia umeme kidogo zaidi. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, mwalimu ahakikishe kwamba gurudumu la mashine laweza kuzungushwa kwa mkono, ili kazi iliyoanzwa iweze kumalizika.

Swali la tano: mahali

Mashine hainunuliwi siku moja. Hununuliwa tena kila inapohitaji sindano. Kabla ya kukata shauri, mwalimu aandike majibu ya maswali haya. Sindano za mfumo wake zinauzwa Masasi, Lindi au Mtwara, au lazima ziagizwe Kariakoo? Ni nani katika wilaya awezaye kurekebisha ndoana inayokamata uzi ikiacha kukutana na sindano kwa wakati wake? Bobini zake ni za umbo la kawaida au la pekee?

Ngozi yenyewe itatoka wapi? Kusini hatukuwa na ng'ombe wengi kama mikoa ya kaskazini, ingawa wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Usangu mnamo miaka ya 2006 na 2007 walielekezwa pia Mkoa wa Lindi. Lakini ngozi mbichi siyo ngozi ya kushona. Lazima itengenezwe kwanza, na kazi hiyo ina utaalamu wake, unaofundishwa katika Kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Shule inayotegemea ngozi ya kununuliwa kutoka mbali haitapata ya kushughulisha mashine ya kiwanda kutwa nzima. Kiwanda cha ngozi cha Karanga, Moshi, chaweza kuiendesha mashine nzito kila saa ya kazi. Shule yaweza kuiendesha saa chache kwa juma. Tofauti hiyo ibadili hesabu yetu.

Hatimaye, mwanafunzi atakwenda wapi? Kijana atakayerudi kijijini au kuanza kazi barazani mwa duka atakutana na cherehani ya mkono, siyo 441. Akiwa amefundishwa mashine ya umeme tu, elimu yake itabaki katika karakana ya shule.

Namna ya kulifundisha somo

Tunapendekeza vipindi viwili vinavyofuatana, jumla ya dakika 80. Zana ni vipande vya ngozi, rula, nyuzi za aina tatu, sindano za namba mbalimbali, kioo cha kukuzia, na msharasi.

Hatua ya 1 (dakika 15). Mwalimu aweke mezani mkoba, mkanda na ala, asitaje mashine yoyote. Aulize: "Ni kipi kigumu zaidi kushona, na mtajuaje?" Wanafunzi wapime.

Hatua ya 2 (dakika 20). Kila kundi lipewe kitu kimoja lichague uzi na sindano, kisha likokotoe uzi utakaotumika. Katika mshono wa kufungana, uzi wa juu na wa chini kila mmoja hutumia urefu wa mshono kuongeza unene. Kwa ala ya milimita 9 na mshono wa milimita 4, ni milimita 13 kwa kila uzi. Mzunguko wa sentimita 80 una mishono 200. Basi uzi wa bobini utakuwa mita 2.6, na wa juu vivyo hivyo. Bobini yenye mita 13 itashona ala tano. Bobini ndogo yenye mita 5 itamaliza ala moja na kuishia katikati ya ya pili. Hapo mwanafunzi mwenyewe ataeleza kwa nini bobini kubwa si anasa.

Hatua ya 3 (dakika 20). Wanafunzi washone sentimita 5 kwa mkono, kwa msharasi, nta na sindano mbili zinazopishana katika tundu moja. Kisha wakate mshono mmoja na kuvuta. Wataona kwamba uzi wa pili bado unashikilia. Waulizwe: kwa nini basi tunataka mashine? Jibu ni wingi na usawa wa kazi, si uimara. Jibu hili huwaondolea imani kwamba mashine hushinda mkono katika kila jambo.

Hatua ya 4 (dakika 25). Kila kundi lisome sifa za makundi manne ya mashine, lichague moja na kutetea uchaguzi wake mbele ya darasa. Mwalimu asitoe jibu mapema. Katika kupima maendeleo, alama zitolewe kwa sababu zilizoelezwa, hata kama makundi mawili yamechagua mashine tofauti.

Siku ya kununua

Mwalimu asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Achukue ngozi yake mwenyewe, uzi wake, na kipande chenye tabaka zilizopangwa kama ngazi: milimita 3, 6 na 9. Ashone polepole kwa gurudumu la mkono, kisha kwa mota. Achunguze haya:

(a) Urefu wa mshono unabaki ule ule mashine inapopanda ngazi na kushuka?

(b) Mshono wa chini unalingana na wa juu, na fundo limezama katikati?

(c) Nondo ya sindano ina mchezo ikitikiswa kwa vidole?

(d) Meno yameacha alama gani upande wa chini?

(e) Bei inahusu meza, mota na bobini za akiba, au kichwa cha mashine peke yake?

Muuzaji akionyesha kwa ngozi yake laini tu, na akakataa kipande cha ngazi, jibu limekwisha kupatikana.

Hitimisho

Kwa shule nyingi za Nachingwea na Ruangwa tunaona njia inayofaa ni ya hatua tatu. Kwanza, misharasi, sindano na vibanio vya mbao vya kushikia kazi, ambavyo karakana ya useremala yaweza kuvitengeneza. Pili, cherehani moja au mbili za mkono za fundi viatu, ambazo kila mwanafunzi atazizoea. Tatu, pale daftari la kazi litakapoonyesha kwamba vitu vinene kuliko milimita 6 vinatengenezwa na kuuzwa mara kwa mara, ndipo inunuliwe cherehani nzito yenye mkono wa mviringo, inayosukuma kwa sindano, mguu na meno kwa pamoja, na yenye puli ya kupunguza mwendo. Shule jirani zaweza hata kuchangia mashine moja ikawekwa mahali pamoja.

Tukifuata utaratibu huu, mashine itakapofika itakuta kazi inayoingojea, uzi unaoifaa na mikono iliyokwisha kuzoea ngozi. Na wanafunzi walioshiriki kuichagua watakuwa wamejifunza jambo litakalowafaa hata wakinunua jembe, pampu au mashine ya kukoboa: kupima kazi kwanza, ndipo kutazama bei.